Uzi ukichungulia mdomoni mwa paka, usiuvute

Mwangaluka jamani. Wa huko nyuma mnanisikia? Haya, ntaongea kifupi maana dagaa ziko juani na wingu lile hata mimi naliona.

Hapa Kirumba kila kibanda kina paka, na wala si mapenzi, ni panya. Sa shida ya paka wa ziwani ni kwamba vitu vyetu vyote vinanuka samaki, mshipi wa kuvulia unanuka, uzi wa kushonea nyavu unanuka, kamba ya kiroba, mpaka ribani ya mtoto, na yeye anafuata harufu anaanza kulamba. Ushawahi kuugusa ulimi wake? Msasa. Vile vimwiba vyote vimeelekea kooni, kwahiyo uzi ukishanasa hata akitaka kuutema hawezi, unazama tu.

Afu mtu anaona kipande kinaning'inia mdomoni, au kule nyuma, anakamata, anavuta. Msicheke, mi mwenyewe nlivuta kabla sijasomea mifugo, paka wa bibi yangu, alilia sauti ambayo mpaka leo naisikia na siku ya tatu tukamzika.

We chukua kamba ya bukta. Ncha moja imekaza, ukivuta si kiuno chote kinajikunja kwenye kamba? Ndo utumbo. Uzi unanasa chini ya ulimi au pale tumbo linapoingilia utumbo, utumbo unaendelea kusukuma, unajikunja wenyewe juu ya uzi, na uzi umekaza kama msumeno, unakata, uchafu unamwagikia tumboni. We ukivuta unamalizia kazi.

Kwahiyo usivute. Mshipi wenye ndoana usiukate pia, daktari anaufuata huohuo kuipata. Mfunge kanga asikukwangue, mtie kwenye boksi umpeleke kwa daktari wa mifugo, usimpe chakula maana anaweza kuhitaji kulazwa usingizi wa kupasuliwa, na beba kipande cha kitu chenyewe kama kimebaki. Ndoana inaonekana kwenye eksirei lakini uzi na nailoni mara nyingi havionekani, inabidi altrasaundi, sasa usiposema amemeza nini unampotezea daktari muda.

Eti? Maziwa? Hapana mama. Wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi ya kumtapisha, chumvi yenyewe ni sumu, na ndoana ikirudi juu inachana koo mara ya pili. Panado ndo kabisa, inaua paka.

Betri ya duara, ile ya saa au rimoti, hiyo usisubiri hata chai ipoe, inaunguza koo ndani ya saa chache tu.

Kama hukumwona akimeza, mwangalie: anatapika tapika, udenda, anajificha, kajikunyata, hana choo, hagusi hata sato. Na paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini linaanza kujaa mafuta, hilo nalo ni ugonjwa mwingine.

Nani alisema wa kwake hajala tangu juzi? Wewe wa kitenge cha njano? Njoo huku pembeni sasa hivi, wengine kageuzeni dagaa.