Safari ya Makumbusho ya Anga, na Kapsuli Iliyoongea na Unguja

SALMA: Karibuni tena jamani. Mimi niko Dar, kaka Kheri yuko Columbus, Ohio, na leo tunagombana.

KHERI: Hatugombani, dada. Nimekukatalia tu.

SALMA: Wasikilizaji, niamulieni. Nina siku nane za Marekani. Nikapanga: Houston nikaone roketi ya Saturn V, Florida nikaone Atlantis, kile chombo cha kwenda angani na kurudi.

KHERI: Siku nane hizo utaona foleni za viwanja vya ndege, basi. Na kote huko kuna viingilio na nauli. Mimi nakupa safari ya gari, tena sehemu kubwa bure.

SALMA: Bure kwelikweli, au ile bure yetu ya kuishia getini?

KHERI: Tunaanzia Dayton, makumbusho ya Jeshi la Anga. Kuingia bure, kuegesha gari bure, na kutoka kwangu ni saa moja na kidogo. Ila vaa raba. Mara ya kwanza nilikwenda na viatu vipya, nikarudi nachechemea. Pale ni mahangari makubwa, moja baada ya jingine.

SALMA: Kuna nini cha kuniuma miguu?

KHERI: Kuna ndege ya rais ambayo Johnson aliapishwa ndani yake kuwa rais mwaka 1963, siku aliyouawa Kennedy. Unaingia, unapita katikati yake. Nyuma waling'oa viti ili jeneza la Kennedy lipate nafasi. Ukisimama pale unaona jinsi ndege yenyewe ilivyo nyembamba. Halafu kuna Bockscar, ndege iliyoangusha bomu la atomiki Nagasaki. Watu wanapiga picha wakitabasamu. Mimi siwezi.

SALMA: Na wale ndugu wawili mafundi baiskeli, waliorusha ndege ya kwanza yenye injini?

KHERI: Wilbur na Orville Wright, Dayton ndiko kwao. Lakini ndege yao ya 1903 iko Washington. Mara ya kwanza iliruka sekunde 12, kama mita 36 hivi.

SALMA: Sekunde 12! Mimi Kariakoo kugombania mlango wa daladala tu nachukua zaidi.

KHERI: Njiani tunaweza kuchepuka Wapakoneta, kwao Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Nusu siku inatosha. Kisha tunalala mapema, maana Columbus hadi Washington ni kama kilomita 640.

SALMA: Huko nako ni jengo moja?

KHERI: Majengo mawili, makumbusho moja, ile ya Taifa ya Anga ya Smithsonian. Watu wengi huona lile la katikati ya mji wakadhani wamemaliza. La pili liko Chantilly, Virginia, jirani na uwanja wa Dulles. Kuingia bure, unalipia maegesho. Huko iko Discovery, ndugu yake Atlantis, iliyokwenda angani mara 39. Haijapakwa rangi mpya, vigae vyake bado vina alama za moto wa kurudi duniani. Na iko Blackbird, ile ndege nyeusi ya upelelezi, iliyotoka Los Angeles hadi Washington kwa saa moja na dakika nne mwaka 1990.

SALMA: Sawa, Chantilly umenishinda. Lile la mjini je?

KHERI: Bibi yako si wa Tunguu, kule Unguja?

SALMA: Wa Tunguu. Kwa nini?

KHERI: Hajawahi kukusimulia mitambo ya Wamarekani?

SALMA: Anaisema! Sisi tukidhani ni hadithi za wazee.

KHERI: Kweli tupu. Enzi zile chombo kikiwa angani kinaongea na kituo kilicho chini yake kwa dakika chache tu, kisha kinapotea upeo wa macho. Kwa hiyo walipanga vituo duniani kama mbio za kupokezana vijiti: visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, Unguja, meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Marekani, John Glenn, akaizunguka dunia mara tatu. Alipofika kwenye zamu ya Unguja akavuta kamba ya mpira, mazoezi hayo, ili wapime mapigo ya moyo wake.

SALMA: Moyo wake ukasikika Tunguu?

KHERI: Tunguu. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa. Ila kapsuli yenyewe aliyopanda Glenn, Friendship 7, inahifadhiwa na makumbusho yale ya Washington.

SALMA: Kaka, ungeanza na hili tusingegombana.

KHERI: Lakini pale mjini kiingilio ni bure na tiketi ni lazima, ya saa maalumu, unachukua kwenye tovuti yao. Tena jengo limekuwa kwenye ukarabati tangu 2018, kumbi zinafunguliwa kwa awamu. Angalia kwanza ukumbi unaoutaka uko wazi siku hiyo.

SALMA: Chukua ya saa nne asubuhi. Nataka nimpigie bibi video nikiwa mbele ya hiyo kapsuli.

KHERI: Saa nne huku, kiangazi hiki, Unguja ni saa kumi na moja jioni.

SALMA: Ameshaswali alasiri. Ila tusichelewe, magharibi ikikaribia hapokei simu ya mtu.