Dawa Inataka Ugali

(Mhadhara wa muuguzi mstaafu wa afya ya akili kwa familia zinazouguza, wilayani Chamwino, Dodoma)

Mbukwenyi wazee wangu, mbukwenyi akina mama. Mheshimiwa diwani, asante kwa nafasi. Naona wengine mmekuja na majembe, maana yake mmetoka shamba na mnarudi shamba. Sitawachelewesha, ingawa mtu aliyezoea kelele za wodini akipewa kipaza sauti huwa mgumu kukirudisha.

Nimeambiwa nizungumzie skizofrenia. Hapa kwetu jina hilo halina mwenyewe. Tunasema amerukwa na akili, amechezewa, au tunasema tu "mtu wa Mirembe", kana kwamba hospitali ile ya wagonjwa wa akili, iliyopo hapo mjini tangu miaka ya 1920, ni kabila. Ugonjwa wenyewe mnaujua kwa sura yake. Kijana aliyekuwa anachunga vizuri, au binti wa kidato cha tatu, anaanza kujitenga. Anaacha kuoga. Anajibizana na sauti ambazo nyinyi hamzisikii. Anakataa chakula cha mama yake mzazi kwa kuamini kina sumu, hata mama inabidi aonje kwanza mbele yake. Mara nyingi unaanza ujanani, kabla ya miaka 30, umri uleule ambao nyumba ilikuwa inazitegemea nguvu zake. Shirika la Afya Duniani limekadiria mtu 1 kati ya watu 300 hivi duniani. Kijiji cha watu 3,000, pigeni hesabu, ni watu kama 10. Hao 10 mnawajua kwa majina.

Lakini leo nimekuja kuzungumza habari ya chakula.

Kuna mwaka, mwezi wa pili, mama mmoja alimleta mwanawe kliniki. Kijana alikuwa ametulia tangu mavuno; siku hiyo kaja amefungwa kanga mikononi, anatukana kila anayepita. Nikahesabu vidonge, vimebaki karibu vyote. Nikaanza kumsomea mama risala: dawa haiachwi, dawa haipunguzwi, mbona hamsikii? Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nesi, ile dawa akiinywa anakula kama watu watatu. Hicho chakula cha watu watatu nakitoa wapi?"

Nilikuwa kazini mwaka wa kumi na moja, na sikuwahi kulisikia hilo kwa mtu. Kwenye vitabu vyetu limo, mstari mmoja: "huongeza hamu ya kula." Olanzapini ndivyo ilivyo, klopromazini nayo hivyohivyo. Basi uchukue mstari huo uulete Dodoma mwezi wa pili. Ghala limebaki vumbi, uwele bado uko shambani, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Watu wanapalilia mashamba ya wenzao wapate sado ya mtama. Nyumba hiyo ina watu sita wenye njaa ya kawaida na mmoja mwenye njaa ya dawa. Usiku anaamka, anamaliza kiporo cha wadogo zake. Mama anapunguza kidonge. Nilikuwa nikiita ujinga. Ilikuwa hesabu ya sufuria, na mimi ndiye niliyekuwa siijui.

Na ugonjwa huu una hila. Ukiacha dawa leo haurudi kesho. Wiki zinapita, pengine miezi, mtu yuko salama, anacheka, anachota maji. Mama anajisemea, kumbe kishapona. Unaporudi, palizi imepamba moto.

Palizi nayo haina likizo. Kumpeleka mgonjwa kliniki, awe wa vidonge au wa ile sindano ya mwezi, ni siku nzima na nauli ya watu wawili. Hata dawa ikitolewa bure, basi si la bure. Mnaweza kufika mkaambiwa dawa imekwisha, rudini wiki ijayo. Zahanati moja, siitaji, ilimrudisha bibi mmoja mara tatu ndani ya msimu mmoja, na magugu shambani kwake yakampita kimo.

Nani huwa anasindikiza? Akina baba msinikasirikie, nimekaa pale mlangoni miaka mingi. Ni mama. Mama akichoka ni dada. Na dada huyo mara nyingi ndiye ambaye posa yake imerudi, kwa kuwa ukoo wao "una kichaa". Nalo niliseme wazi: ugonjwa una sehemu ya urithi, lakini hata mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaumwa, nafasi ya kuupata ni kama 1 kati ya 10. Mkirudisha posa kwa sababu hiyo, msisingizie hospitali.

Sasa kamba. Nilikwenda nyumba moja, mbali kidogo na barabara, nikakuta kijana kafungwa mguu kwenye mti kwa kamba ya katani, kidonda kinanuka. Baba yake yuko shambani, namwona kwa mbali ameinama. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Akaja, akasema mwaka uliopita waliacha kumfunga, akapotea siku nne, wakamkuta karibu na reli. Sikumgombeza. Tulimfungua, tukasafisha kidonda, tukaanza dawa. Kufunga mtu ni kosa, nasema na nitasema. Lakini tumwambie na huyo baba, ukimfungua, nani atakaa naye wewe ukipalilia.

Huko London, miaka ya 1950, mtaalamu aitwaye George Brown alifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali. Waliorudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliopanga vyumba kwa watu baki. Baadaye ikaonekana kinachowachokoza ni lawama na kufokewa kila siku. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Ila tumeichukua elimu hiyo tukaigeuza fimbo: "Mama, usifoke!" Mama huyo hajalala siku tatu. Kabla ya kumkataza kufoka, mwulize alikula nini jana.

Jambo moja dogo nisilisahau: mgonjwa akitumia dawa iitwayo haloperidoli shingo ikapinda, au macho yakageukia juu, si jini. Ni dawa imemkaza, na ipo dawa ya kumlegeza. Mrudisheni siku hiyohiyo, msipitie kwa mganga kuacha mbuzi.

Mheshimiwa diwani, kwako nina mawili. Wagonjwa wa kijiji kimoja wapewe tarehe moja ya kliniki, ili msindikizaji mmoja awapeleke watatu na wengine wabaki shambani. Na chakula cha msaada kikija, nyumba yenye mgonjwa anayetumia dawa ihesabiwe na mdomo mmoja wa ziada. Usiwaandike kwa huruma, waandike kama unavyoandika dawa.

Wenye kadi za kliniki msiondoke. Njooni hapa mbele chini ya mti, kila mtu aseme tarehe yake, tuone nani anaweza kwenda na nani kabla palizi haijaanza.