Ziara ikiisha Livingstone, wewe unaenda wapi?

Jamani habari za jioni, wakubwa wote shikamooni. Nimeombwa niongee kuhusu safari ya kuendelea, yani ile ukishamaliza ziara na kundi, mwongozaji keshawaaga, afu wewe hutaki kurudi Dar moja kwa moja, unataka kupita nchi jirani ukiwa mwenyewe. Nitachukua njia ninayoijua vizuri, Livingstone kule Zambia kurudi nyumbani kupitia Malawi, maana wengi humu mnaenda kuona maporomoko ya Victoria kwa makundi ya hapa Dar.

Naanza na paspoti kwa sababu hapo ndo tuliumia. Kwenye ziara ya kundi mwongozaji anakusanya paspoti zote, anazipeleka dirishani, mnagongewa mihuri nyie mmekaa kwenye basi mnakula karanga, mkirudishiwa unatia kwenye begi hata hufungui. Sasa afisa anaandika siku kulingana na alichoambiwa, na mwongozaji wetu alisema ziara ni siku tano, ni kweli ilikua siku tano, kwa hiyo tukaandikiwa tano wote. Mi na mwenzangu tulipanga kubaki Zambia siku tisa. Tulikuja kugundua siku ya saba tukiwa Chipata, karibu kabisa na mpaka wa Malawi, mwenzangu anatafuta ukurasa mtupu ndo akaona ile tano imeandikwa kwa kalamu pembeni ya muhuri. Nilihisi tumbo limeshuka. Tulienda wenyewe ofisini tukaeleza, tulikaa benchi nusu siku, tukalipa tulichoambiwa tulipe, na basi letu lilikua limeshaondoka. Sisi Watanzania hatuhitaji viza kuingia Zambia wala Malawi kutembea, na nadhani hicho ndo kinatulevya, tunaona kama hamna masharti, kumbe kutohitaji viza na kuruhusiwa siku ngapi ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo mwambie mwongozaji kabla hamjafika mpakani, kaka mimi sirudi na nyie, naomba niandikiwe siku zaidi, na ukirudishiwa paspoti ifungue palepale dirishani.

Na hapo Livingstone wengi mnavuka kwenda upande wa Zimbabwe kwa lile daraja la mwaka 1905, au mnaenda Kazungula, kuna daraja la mita 923 lilifunguliwa Mei 2021, unaingia Botswana kuona tembo wa Chobe unarudi jioni. Raha sana, ila kila kuvuka ni muhuri wa kutoka na wa kuingia, na ukirudi Zambia unaandikiwa siku upya, kwa hiyo unaohesabu ni muhuri wa mwisho. Hesabu na kurasa zilizobaki.

Haya, barabara. Kwenye ramani Livingstone hadi Lilongwe panaonekana karibu, mtu anasema kesho kutwa nipo ziwani. Livingstone hadi Lusaka peke yake ni kama kilomita 480, Lusaka hadi Chipata ni zaidi ya 550, afu ndo mpaka, afu Mchinji hadi Lilongwe zaidi ya mia tena. Usiipangie siku moja, na mimi kwa maoni yangu siku ya kuvuka mpaka ipewe siku yake nzima, usiwekee kitu kingine chochote, hata kumtembelea rafiki. Wengine wanasema nitarudi na Tazara, ni sawa, ile reli naipenda, kilomita 1,860 zilizojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, lakini inaishia New Kapiri Mposhi, haifiki Lusaka wala Livingstone, kwa hiyo kutoka Lusaka bado una kama kilomita 200 za basi kwenda kuipanda, na siku za treni uliza stesheni kabla hujatoka Dar, usitegemee alichokuambia mtu aliyepanda mwaka juzi. Kama unapita Tunduma kwa basi, mnajua wenyewe ile foleni ya malori. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja pale, unamaliza nchi mbili sehemu moja, imesaidia sana, foleni ya barabarani lakini ipo.

Pesa kidogo tu. Zambia wanatumia kwacha na Malawi wanatumia kwacha, jina moja, thamani mbali kabisa, ya Zambia ilikatwa sifuri tatu mwaka 2013, hivyo noti ndogo ya Zambia inaweza kuzidi bunda la Malawi. Wabadilisha pesa wa mpakani wanajua wewe ndo umeshuka na umechoka. Piga hesabu usiku wa kuamkia, andika kwenye karatasi, ingia nayo mkononi.

Sasa saa, na hapa naomba mnisikilize sana. Zambia na Malawi wapo nyuma yetu saa moja. Na wao wanasoma saa kizungu, konda wa Lusaka akikuandikia 12 kwenye tiketi ni saa sita mchana, hapa kwetu ungeenda stendi alfajiri. Mi hiyo ya tiketi naijua, kilichonipata ni hiyo saa moja. Tumetoka Karonga, Malawi, bila haraka, tumekunywa chai, tumefika mto Songwe saa yangu inasema saa kumi na moja jioni, nikasema safi, tunawahi. Kuvuka daraja tu nipo Kasumulu, Tanzania, ni saa kumi na mbili, jua linazama, bado foleni ya muhuri, afu bodaboda hadi njia panda ya barabara ya Kyela na Mbeya. Gari ya Mbeya ilishapita. Tulilala pale, mama mmoja mwenye mgahawa akatupa chumba cha binti yake na chai ya maziwa, Mungu ambariki. Tangu hapo nikiuliza mpaka unafungwa saa ngapi nauliza na kwa saa ya upande gani, na simu yangu naibadilisha saa usiku wa kuamkia kuvuka, si baada.

Dada aliyenyoosha mkono kuhusu chanjo ya homa ya manjano, ndio, ibebe ile kadi hata kama hukuulizwa wakati wa kwenda, maana kurudi unaweza kuulizwa umepita nchi gani. Chanjo yenyewe chomwa angalau siku kumi kabla ya safari, na toka Julai 2016 kadi yake ni ya maisha, huchomwi tena baada ya miaka kumi. Haya, na yule kaka wa nyuma aliyetaka kujua Kigoma, karibu kaka, kipaza sauti hicho hapo.