Shangazi na ardhi ya ukoo

Ndugu zangu, nikialikwa kuzungumzia maadili ya familia hutarajiwa nilaumu simu na vijana. Leo niwieni radhi, nina shauri la watu wazima wa Muleba, mkoani Kagera, Tanzania.

Wanasheria mliomo humu mnaijua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Bi Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ukamfika, wa kumtunza hana. Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Kesho yake, naam, kesho yake, mtoto wa ndugu yake, ndiye Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha: kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, mauzo yabatilishwe.

Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ya Wilaya ikamkatalia. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ya ubaguzi na haisimami mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke na auze kama mwanamume auzavyo. Ukoo ukiitaka ardhi, umrudishie mnunuzi pesa yake.

Madarasani tunaifundisha kama kesi ya usawa, na ndivyo ilivyo. Mimi hunikera ile kesho yake. Habari za shamba kuuzwa zilifika kwa siku moja. Habari za shangazi kudhoofika je, zilipita njia gani? Kimila ukoo ulizuia ardhi isiuzwe, lakini nao ulibeba wazee wake. Hapa mzigo ulishatuliwa zamani, na haki ya ukoo bado inadaiwa kwa jina la mila.

Tusiwacheke. Kwetu kamati ya harusi ina mwenyekiti na mweka hazina, michango inafuatiliwa kwa simu kila jioni. Dawa za presha za shangazi kaachiwa binti aliyebaki nyumbani.

Zanzibar, mwaka 2016, walianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Wapo wanaonung'unika kuwa serikali inawapokonya watoto wajibu wao. Wajibu upi? Aliyekuwa akiutimiza hajakatazwa. Na mzee asiye na mtu ananunua unga bila kuuza shamba.