Mwenye kitabu awepo: watu walioanzisha meza ya Cambridge

Ndugu Mwenyekiti, mashekhe wetu, baba askofu, wachungaji, mapadri na masista, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Naona kila kona ya ukumbi imeitikia ya kwake, na wale vijana wa nyuma wameitikia zote tatu. Ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie programu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ya utafiti na mazungumzo baina ya dini, iliyoanza mwaka 2002. Ningeweza kuwasomea malengo yake, lakini malengo ya programu hizi yanafanana dunia nzima: amani, maelewano, kuheshimiana. Hata mradi wa kuchimba kisima siku hizi huandikiwa malengo hayo. Nimeona ni heri niwaeleze watu. Walikuwa wachache, na jambo walilofanya ni dogo kuliko jina la programu. Naamini ndiyo maana lilifanikiwa.

Wa kwanza ni David Ford, mwanzilishi wa programu hiyo. Ni Mwairishi, mzaliwa wa Dublin, mwaka 1948, Mwanglikana ambaye si padri. Kuanzia 1991 hadi 2015 alishika uprofesa wa theolojia pale Cambridge, ulioanzishwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1540. Mtu mwenye kiti kizito namna hiyo angeweza kukaa ofisini kwake akangoja kuamkiwa. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanazuoni wa dini walipokuwa wakikutana kila mwaka kule Marekani, alisikia kuna chumba ambamo Wayahudi wanabishana. Humo walikuwemo wanafalsafa na wataalamu wa Talmud, yaani mkusanyiko wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi; wote walikuwa Wayahudi, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Peter Ochs, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia. Walichukua kifungu cha maandiko wakakivuta huku na huku kwa sauti, na hakuna aliyekasirika akatoka.

Ford akaomba aketi pembeni asikilize. Alikuwa na Daniel Hardy, kasisi Mmarekani aliyefundisha miaka mingi Uingereza, na ambaye alikuwa mkwewe, baba wa mke wake. Kwetu mtu na baba mkwe hupishana mlangoni kwa heshima. Hawa walikuwa wameshaandika kitabu pamoja. Basi wakawa wanakuja na kukaa pembeni bila kuchangia. Baadaye wakakaribishwa mezani, na wao wakaja na kitabu chao. Kisha wakaongezeka Waislamu, kama Basit Koshul kutoka Pakistani na Aref Ali Nayed kutoka Libya. Kufikia mwisho wa muongo huo vitabu vilikuwa vitatu juu ya meza moja.

Naomba muangalie mpangilio huo. Hakuna aliyeitisha kongamano la dini tatu. Wakristo walianza kama wageni katika ubishi wa watu wengine, na mgeni husikiliza kwanza.

Meza yenyewe inaendaje? Watu ni wachache, kiasi cha kila mmoja kumwona mwenzake usoni. Panachaguliwa jambo moja na vifungu vitatu vifupi, kimoja cha Kiyahudi, kimoja cha Kikristo, kimoja cha Qur'ani. Kila kifungu kinatambulishwa na mtu wa dini husika. Akishamaliza, kifungu kipo wazi, yeyote anauliza, hata swali la kitoto. Hakuna maazimio mwishoni. Hakuna tamko la pamoja. Mnaruhusiwa kuondoka hamjakubaliana, ilimradi kila mtu anajua vizuri zaidi ni wapi hasa hamkubaliani.

Nitawapa mfano niliokwisha kuutumia na wanafunzi: wageni wa Ibrahimu. Katika Mwanzo sura ya 18, Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema, jua kali, anaona watu watatu. Anakimbia kuwalaki, anamwambia Sara akande unga, anachagua ndama laini. Anawaandalia siagi, maziwa na nyama, na wageni wanakula. Sasa fungua Qur'ani, Sura Hud, aya ya 69 na kuendelea. Ndama ameletwa, amebanikwa, lakini mikono ya wageni haimfikii. Ibrahim anapoona hawagusi chakula anaingiwa na hofu. Kila mtu wa pwani anaielewa hofu hiyo bila tafsiri: mgeni asiyegusa chakula chako amekuja na jambo.

Mkristo na Mwislamu wakikutana kwenye mhadhara wa uwanjani, hapo ndipo ngumi za maneno zinapoanza. Walikula au hawakula? Kitabu kipi kimekosea? Lakini mezani yupo pia Myahudi, na atawaambia kwamba marabi ndani ya Talmud walishaliona hilo kwa njia yao. Malaika hawali, wakasema. Basi wale wageni walionekana tu kana kwamba wanakula. Tena marabi walikuwa na tatizo jingine ambalo nyinyi wawili hamkuliwaza kabisa, maana maziwa na nyama vimewekwa pamoja, na sheria yao hairuhusu. Halafu Mkristo analeta Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, unaosema watu wakaribishe wageni kwa kuwa wapo waliowakaribisha malaika bila kujua. Hapo suala la kula halimo kabisa. Aliyesifiwa ni mwenye nyumba.

Bado kicheko cha Sara. Katika Mwanzo anacheka baada ya kusikia kwamba atazaa. Katika Sura Hud anacheka, ndipo anapobashiriwa Is-haka. Alicheka nini, basi? Wafasiri wa Qur'ani wana kauli kadhaa. Wapo wanaosema alifurahi hofu ilipoondoka, wapo wanaosema mpangilio wa maneno umetangulizwa na kucheleweshwa, yaani alibashiriwa kwanza ndipo akacheka. Sijawahi kuona darasa linalomaliza kipengele hicho ndani ya saa moja. Wanawake darasani, Waislamu kwa Wakristo, mara nyingi wana jibu lao la pamoja kuhusu mwanamke mzee anayeambiwa na wageni wa mumewe kwamba atashika mimba, na jibu hilo sitalirudia mbele ya baba askofu.

Hiyo ndiyo kazi ya kina Ford na Ochs. Waliweka sharti kwamba kitabu kiletwe na mwenyewe. Nyinyi mliokua Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mnajua kwa nini nalishikilia jambo hili. Mihadhara yetu ya viwanjani ilikuwa na wajuzi hodari kweli. Ustadhi aliyataja mafungu ya Biblia kwa sura na mstari kuliko wainjilisti wengi, na mwinjilisti naye akajifunza kunukuu aya. Elimu ilikuwepo. Tatizo ni kwamba Biblia ilikuwa mkononi mwa asiyeiamini, Qur'ani vivyo hivyo, na mwenye kitabu, kama alikuwepo, alikuja ili ashindwe mbele ya spika nne. Mnakumbuka Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yaliposhambuliwa Dar es Salaam. Sisemi mihadhara peke yake ndiyo iliyoleta yale. Siasa na maisha magumu vilichangia. Nasema joto lilikuwa limeshapanda.

Mwezi huohuo, Aprili 1993, bomu la IRA, kundi la Waairishi waliopigana na utawala wa Uingereza, lilibomoa kanisa dogo la kale la St Ethelburga's jijini London. Lilipojengwa upya likafanywa kituo cha upatanisho, na nyuma yake likawekwa hema la watu wa dini mbalimbali kukaa na kuzungumza. Usomaji huu wa maandiko umefanyika humo.

Upande wa pili tunayo mazungumzo ya adabu. Sherehe za kitaifa, shekhe anaomba dua, askofu anasali, mchungaji anafuata, maikrofoni inapokezana. Kamati za amani zinakutana uchaguzi ukikaribia. Sizidharau, nchi jirani zinatuonea wivu. Lakini katika dua ya kupokezana hakuna anayemuuliza mwenzake swali. Tumekuwa hodari wa kushindana na hodari wa kupokezana, na hapo katikati pako wazi.

Wala msidhani katikati hapo hapajawahi kukaliwa hapa kwetu. Mwaka 1844, Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana, aliingia Mombasa hajui Kiswahili. Mwezi Juni mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyekuwa mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi, Ali bin Mueddin. Kadhi wa Mombasa na mmisionari, juu ya Mwanzo, miaka zaidi ya mia na hamsini kabla ya Cambridge! Natamani tungekuwa na maneno ya kadhi mwenyewe walipofika kwa Ibrahimu. Yaliyobaki ni ya Krapf.

Halafu angalieni kinyume chake. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, mtafsiri akiwa kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar. Alikuwa msomi, alijitahidi. Lakini lilikuwa jambo la Mkristo kuwafasiria wengine kitabu cha Waislamu, pamoja na maelezo yake pembeni, na masheikh walilipokea kwa uzito huo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alijibu kwa kalamu. Ilibidi kusubiri hadi 1969 kupata tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy.

Turudi Cambridge. Septemba 2006 Papa Benedikto wa 16 alitoa hotuba Regensburg, Ujerumani, akanukuu maneno ya mfalme wa kale wa Bizanti yaliyomdharau Mtume. Dunia ikawaka. Oktoba 2007 wanazuoni wa Kiislamu 138 wakaandika barua kwa Papa na viongozi wengine wa Kikristo, wakizungumzia kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Msukumo mkubwa ulitoka kwa Mwanamfalme Ghazi wa Jordan, aliyepata udaktari wake Cambridge, na aliyekuwa mstari wa mbele kuieleza barua ile alikuwa Aref Nayed, yule Mlibya wa mezani. Oktoba 2008, Askofu Mkuu wa Canterbury, Rowan Williams, aliwakaribisha wanazuoni wa Kiislamu Uingereza, mkutano ukafanyika Cambridge, na Mufti wa Misri, Ali Gomaa, alihudhuria. Watu husema mikutano mikubwa huzaa urafiki. Hapa urafiki ulikuwa na miaka kumi tayari, mkutano uliukuta.

Na hela? Najua kuna mtu anangoja kipindi cha maswali aniulize. Uprofesa wa dini za Ibrahimu na maadili ya pamoja pale Cambridge ulifadhiliwa na Sultan Qaboos wa Oman na una jina lake. Nina marafiki Zanzibar wanaolisema hilo kwa fahari, na wengine wanaolisema kwa kuguna. Mimi naona fedha ya mtawala haiwi safi kwa kuwekwa chuo kikuu, lakini pia kiti cha mwaka 1540 kilianzishwa na mfalme aliyewakata vichwa wake zake wawili. Tuangalie waliokalia. Wa kwanza alikuwa Garth Fowden, mwanahistoria wa zama za mwisho wa Roma na mwanzo wa Uislamu. Baada yake akaja Esra Özyürek, mwanaanthropolojia mwenye asili ya Uturuki, aliyewachunguza Wajerumani waliosilimu. Yeye haanzii kwenye kifungu. Anaanzia na watu, wanavyoishi dini zao mtaani. Nimefurahia zamu hiyo, maana meza ya awali ilikuwa ya maprofesa, wengi wao wanaume, na ilizungumza Kiingereza.

Lipo pengo jingine, na hili linatuhusu zaidi. Meza ya vitabu vitatu humkaribisha mwenye kitabu. Asiye na kitabu akae wapi? John Mbiti wa Kenya alipata shahada ya udaktari hukohuko Cambridge mwaka 1963, kabla ya programu hii kuwazwa, akaenda kufundisha Makerere. Maisha yake yote alifundisha kwamba dini za Kiafrika zimeandikwa katika mioyo ya watu, na katika desturi, misemo na matambiko yao. Mwislamu wa Handeni na Mkristo wa Moshi wanaweza kukaa wakasoma Ibrahimu vizuri sana, na wote wawili wakatoka kimya juu ya babu zao, ilhali nyumbani wanawakumbuka. Kwa meza ya hapa, mimi ningeongeza kiti cha nne, akalie mzee ambaye hatatakiwa kufungua ukurasa wowote.

Sasa ya kufanya. Morogoro mjini kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Morogoro hiyohiyo kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, cha Wakatoliki. Vyote vina wahadhiri, vina wanafunzi, na nauli ya kutoka kimoja kwenda kingine ni ya bodaboda. Msianze kwa kuandika maombi ya fedha, wala msichapishe fulana. Mhadhiri mmoja amwombe mwenzake ruhusa ya kukaa viti vya nyuma katika darasa lake, muhula mzima, asichangie. Muhula unaofuata wabadilishane. Mkifika pa kuweka meza, chagueni jioni ya Jumanne au Jumatano, kwa sababu Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi kuna Wasabato, Jumapili ni ya makanisa, na Alhamisi nusu ya wanafunzi wana mazoezi ya kwaya. Vifungu vichapwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, ukurasa mmoja, watu wasifungue simu. Chai iwepo, na mkumbuke kuuliza nani amefunga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakaribisha maswali, na naomba lile la hela liwe la pili.