Jinsi ya kumfundisha mbwa kutafuta pembe za kulungu zilizodondoka

Karibu, mtazamaji. Kulungu dume wa nchi za baridi hudondosha pembe zake kila mwaka, kati ya majira ya baridi na mwanzo wa machipuko. Si kama pembe za ng'ombe au swala, zinazobaki kichwani maisha yote. Hizi ni mfupa mtupu: homoni za dume zikishapungua baada ya msimu wa kupandana, shina la pembe hulegea na pembe huanguka yenyewe. Leo tunamfundisha mbwa kuzitafuta.

Andaa pembe halisi mbili tatu, pembe bandia ya mpira laini, glavu za mpira, mfuko safi, na tuzo ambayo mbwa wako anaipenda kupita zote. Wengine hufanya kazi kwa kipande cha nyama. Huyu wangu ni mpira wa kuchezea tu, nyama haimshughulishi.

Mbwa wa aina ya Labrador hujifunza upesi, lakini mimi ningemchukua chotara anayepagawa na mpira nikamwacha Labrador mvivu. La lazima ni kwamba akiitwa, aje. Kama haji, simamisha video hapa ukamfundishe hilo kwanza. Mbwa akimkimbiza kulungu aliyedhoofishwa na baridi, anammalizia nguvu kidogo alizobaki nazo, na kulungu huyo anaweza kufa hata kama hakuguswa.

Haya, tuanze na pembe bandia. Pembe halisi ina ncha. Akiirukia ikamchoma mdomoni, atakuwa anaikwepa. Angalia: naitupa hatua chache, nasema "Pembe!", anaileta, nampa mpira wake. Simnyang'anyi, tunabadilishana. Wala simwachii aitafune, maana akishaonja utamu wake atajilalia nayo nyuma ya kichaka, wewe ukibaki unaita. Rudia mara chache, kisha acha wakati bado anataka kucheza.

Akiichangamkia, mletee pembe halisi ndogo, ncha zake zimekatwa. Hii usiirushe. Ilaze kwenye nyasi fupi mahali pa wazi ili azoee na umbo lake, kwa sababu mara nyingine ataiona kabla hajaisikia harufu.

Sasa tuje kwenye harufu, na hapa naomba usiharakishe. Ukiishika pembe kwa mkono mtupu, unamfundisha mbwa kutafuta mkono wako. Ukitembea mpaka unapoificha, atafuata nyayo zako moja kwa moja hadi kwenye pembe, utampigia makofi, na porini hatapata kitu, kwa sababu huko hakuna mtu aliyetangulia kupita. Kwa hiyo vaa glavu tangu unapoitoa pembe kwenye mfuko. Tembea ukizunguka eneo zima, na ukiwa njiani irushe pembeni, mbali na unapokanyaga, mbwa akiwa hakuoni. Ukiweza, iache hapo usiku kucha ili harufu yako ipoe. Pembe iliyoshikwashikwa na watu wengi, iweke nje wiki kadhaa ipigwe mvua na jua.

Unapomleta mbwa, mwingize upande ambao upepo unampiga usoni. Tazama hapo... ameinua pua, amekata kona ghafla. Ameipata harufu! Nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole wala usimwite, mwache amalize mwenyewe. Akiigusa tu, mpira utoke mfukoni papo hapo.

Ongeza ugumu polepole: nyasi ndefu, kisha majani makavu, kisha msitu. Kabla hujaenda porini, soma sheria za mahali ulipo. Katika jimbo la Colorado, Marekani, ni marufuku kuokota pembe kwenye ardhi ya umma iliyo magharibi mwa barabara kuu ya I-25 kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, ambayo sehemu yake kubwa iko jimbo la Wyoming, hairuhusiwi kuzichukua kabisa.

Porini, pitisha mbwa kwenye miteremko inayopigwa na jua, kulungu wanapopumzika, na kwenye njia zao za kwenda malishoni. Wanaporuka uzio usipaache, mshtuko wa kutua huangusha pembe iliyolegea. Ila msimu ukishafunguliwa usikawie, maana panya nao huzitafuna kwa ajili ya madini yake. Siku za mwanzo beba pembe zako mwenyewe uzifiche huko huko, asije akatafuta asubuhi nzima bila kupata tuzo hata moja.

Akiokota moja, mpe mpira, mwache acheze kidogo, kisha mrudishe palepale na upanue mduara. Pembe mbili za dume mmoja mara nyingi hazianguki kwa pamoja, lakini ya pili inaweza kuwa karibu tu.