Sukari Chini ya Theluji

Nimekuja na sinia, kilo ya sukari na ubao wa kukatia mboga, niwaonyeshe jinsi theluji inavyoporomoka mlimani na kufukia watu. Naona baadhi yenu mnaulizana kama chai inakuja. Subirini kwanza.

Wengi humu ukumbini mmefika Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya cha mita 4,985. Theluji mpya ya pale, mara nyingi jua likishapanda vizuri, imekwisha. Ile ya Alps, milima ya Ulaya mnakokwenda Januari, inakaa miezi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limeweka siku yake: siku ya upepo, siku ya jua, wiki ya baridi kavu.

Sasa, watu hudhani theluji nyembamba ni salama. Chukua theluji ya nusu mita. Chini, ardhi inabaki karibu na nyuzi sifuri, maana theluji yenyewe ni blanketi. Juu, usiku usio na wingu, ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote imebanwa ndani ya nusu mita! Basi mvuke unapanda kutoka chini, unaganda tena njiani, na chembe zinakua kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota zinapita katikati ya vidole kama hii sukari. Theluji ikiwa ya mita tatu, tofauti ile ile imetandazwa, na chembe hupata nafasi ya kushikana.

Tazameni hapa. Sukari kwenye sinia, ubao juu yake. Nainua upande mmoja, polepole. Bado. Bado... Haya! Mmeona ulivyoondoka mzima mzima? Huo ubao ndio theluji iliyoshindiliwa na upepo. Bamba hilo hukatika juu yako, nawe umesimama katikati yake, kwa hiyo hakuna cha kuruka kando. Mengi huondoka kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, nayo ndiyo mitamu kwa skii, yaani kuteleza juu ya theluji. Simu yako inaweza kupima mteremko, ipime kwanza.

Na anayeliamsha ni nani? Mara nyingi ni huyo huyo linayemfukia, au mwenzake. Mkisikia mdundo mzito chini ya buti, "wumf", au mkiona ufa ukikimbia mbele ya miguu, hiyo ni sukari imevunjika. Rudini mlikotoka, hata kama mmelipia hoteli.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya robo saa ana nafasi nzuri ya kupona. Zikifika dakika 35, wengi wamekwisha kukosa hewa. Helikopta haitakuwa imefika. Atakayekufukua ni mwenzako, kwa koleo lake, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kifaa cha kunasa ishara inayorushwa na kifaa kama hicho ulichovaa wewe. Kifaa hicho kifungwe mwilini, kikiwa kimewashwa. Mkoba unaweza kuchukuliwa na theluji. Na ndiyo maana mteremko unavukwa mmoja mmoja, wengine wakikukazia macho kutoka mahali salama. Mkivuka wote pamoja, nani atabaki kushika koleo?